FEFO, foliki ya miligramu 5 au vitamini za boksi: ipi ikufae, na wakati gani

Kwenye maduka ya dawa ya Kigoma na Tabora, mwanamke akisema "nipe foliki" anaweza kuondoka na kitu kimoja kati ya vinne, na vyote vinne muuzaji akaviita foliki. Kuna kile kidonge kidogo cha njano, foliki asidi tupu ya miligramu 5, kinachohesabiwa kutoka kwenye kopo kubwa na kutiwa kwenye bahasha ya dawa. Kuna FEFO, yenye madini ya chuma na foliki asidi kwenye kidonge kimoja, ile ile inayotolewa bure kliniki. Kuna vitamini za wajawazito za kwenye boksi, nyingi kutoka nje ya nchi. Na kuna vidonge vya virutubishi mchanganyiko ambavyo watu wa lishe huviita MMS. Kiasi cha foliki kilichomo kinatofautiana mno. Kidonge kimoja cha njano kina foliki ya zaidi ya FEFO kumi na mbili.

Mimi ni mtoa dawa. Wateja wangu wengi, hasa wanaotumwa na shangazi au mama mkwe, wakishaonyeshwa hivi vitu huuliza jambo moja tu: "Dada, ipi kali?" Naelewa wanakotoka, maana kwenye malaria au jino linalouma mtu hutaka kali. Kwenye foliki ukali una hasara zake, hasa kwa mikoa yetu hii yenye mbu, na nitaeleza kwa nini. Kwa hiyo kabla sijagusa kopo lolote huuliza: una mimba tayari, unaitafuta, au umeambiwa damu imepungua? Jibu la hapo ndilo linaloamua.

Tazama kalenda kwanza

Chukua mwanamke aliyeona hedhi yake ya mwisho tarehe 1 Machi na siku zake ni za kawaida. Mimba hutunga karibu tarehe 15 Machi. Mfereji mdogo ambao baadaye huwa ubongo na uti wa mgongo hufunga ndani ya siku 28 hivi tangu hapo, yaani kufikia tarehe 12 Aprili. Siku zake alitakiwa kuziona tarehe 29 Machi. Maana yake, wakati mgongo wa mtoto unamaliza kufunga, mama amechelewa wiki mbili tu, na huenda bado anadhani kichefuchefu ni homa au ni uchovu wa shamba.

Mfereji usipofunga chini, mtoto huzaliwa na mgongo wazi, mara nyingi na kichwa kinachojaa maji baadaye. Usipofunga juu, ubongo na fuvu havikamiliki na mtoto haishi. Mgongo wazi hufanyiwa upasuaji, na unatakiwa ufanyike mapema, ndani ya siku chache za kuzaliwa. Kwa familia ya Kakonko au Kaliua hiyo ni rufaa hadi Bugando, Mwanza, au Taasisi ya Mifupa Muhimbili, Dar es Salaam, na mama mwenyewe ametoka leba juzi. Halafu huko nyumbani majirani wameshaanza kutafuta nani kamroga. Si mgongo wazi wote unaosababishwa na upungufu wa foliki, ila sehemu kubwa inazuilika kwa kidonge cha bei ndogo kabisa, kama kimemezwa kabla.

Neno "kabla" ndilo linalotupiga chenga. FEFO ya bure hutolewa kliniki, na wanawake wengi wa huku hufika kliniki kwa mara ya kwanza mimba ikiwa ya miezi minne au mitano. FEFO hiyo itamsaidia sana damu, na asiiache. Kwa uti wa mgongo wa mtoto huyo, muda umeshapita.

Kwa hiyo anayetafuta mtoto aanze angalau mwezi mmoja kabla ya kushika mimba, ikiwezekana miwili au mitatu, na aendelee hadi wiki ya 12. Ushauri wangu wa kaunta ni huu: siku unayokwenda kutoa kijiti au kitanzi, au unayoamua kuacha vidonge vya majira, ndiyo siku ya kuanza foliki. Usisubiri siku zikatike. Na kwa kuwa mimba nyingi haziji kwa mpango, aliye kwenye ndoa na hatumii njia yoyote ya uzazi wa mpango ajihesabu kuwa anatafuta, hata kama moyoni anasema "ikija ije".

Vyote vinne kwa pamoja

| | Foliki asidi | Madini ya chuma | Inamfaa zaidi | La kuangalia |
|---|---|---|---|---|
| FEFO | mg 0.4 (nyingine 0.25) | karibu mg 60 | anayetafuta mimba, mjamzito, aliyejifungua | tumbo, chai, watoto wadogo |
| Foliki tupu | mg 5 | hakuna | mwenye hatari kubwa au selimundu, kwa maelekezo | SP (kinga ya malaria ya wajawazito), dawa za kifafa |
| MMS | mg 0.4 | mg 30 | mjamzito | usichanganye na FEFO bila ushauri |
| Vitamini za boksi | nyingi mg 0.4, soma | hutofautiana | mwenye uwezo wa kununua kila mwezi | bei, vitamini A, chuma kidogo |

Kwenye maboksi utaona pia "mcg" au "µg". Hiyo ni mikrogramu. Mikrogramu 400 ni sawa na miligramu 0.4, na mikrogramu 5,000 ni sawa na miligramu 5. Nimeona mtu akikataa boksi la 400 na kuchukua bahasha ya 5 kwa kuwa "400 ni nyingi".

FEFO au ile ya njano?

Huu ndio mchuano wenyewe, kwa sababu vidonge hivi viwili ndivyo utakavyovikuta Kasulu, Uvinza, Urambo au Sikonge. Foliki tupu ya miligramu 0.4, ambayo kwa nadharia ndiyo ingemfaa anayejiandaa, hupatikana kwa shida hata mjini.

Kiasi cha miligramu 0.4 hakikuchaguliwa kwa bahati nasibu. Mwaka 1991 utafiti ulioongozwa kutoka Uingereza ulionyesha kwamba wanawake waliowahi kupata mtoto mwenye tatizo hili la mgongo wazi, wakimeza miligramu 4 kila siku kabla ya mimba na mwanzoni mwake, hatari ya kujirudia hupungua kwa karibu asilimia 72. Hao walikuwa wa hatari kubwa. Kwa wanawake wa kawaida, kazi kubwa ilifanyika China na matokeo yakatoka 1999. Wanawake karibu laki mbili na nusu walifuatiliwa, dozi ikiwa miligramu 0.4 tu kwa siku. Kule kaskazini, ambako ugonjwa ulikuwa mwingi, kwa waliomeza hatari ilipungua kwa karibu asilimia 79, na kusini karibu asilimia 41. Dozi ndogo inatosha, mradi imezwe kila siku na kwa wakati.

Sasa ubaya wa ile "kali". Kuanzia wiki ya 13 mjamzito hupewa SP kliniki, vile vidonge vitatu vinavyomezwa kwa mkupuo mbele ya muuguzi, na hurudiwa kila baada ya wiki nne au zaidi hadi afikishe angalau dozi tatu. SP hufanya kazi kwa kumnyima kijidudu cha malaria foliki anayohitaji ili azaliane. Mama akiwa anameza miligramu 5 kila siku, anamrudishia kijidudu kile ambacho SP imemnyima, na kinga inapungua nguvu. Shirika la Afya Duniani limeliweka wazi: miligramu 0.4 inaweza kwenda pamoja na SP bila tatizo, lakini miligramu 5 au zaidi haitakiwi kutolewa nayo. Kwa mama wa Njombe kwenye baridi hili linaweza lisiwe kubwa. Kigoma na Tabora ni miongoni mwa mikoa inayoongoza kwa malaria nchini, na malaria ya mimba hushambulia kondo la nyuma, hukausha damu ya mama na huzaa mtoto njiti au mwenye uzito mdogo. Kumpa mjamzito wa kawaida foliki ya 5 miezi yote tisa "ili apate nguvu" ni kumharibia SP yake.

Wengine wakisikia hivyo huniambia, basi nikate ile ya 5 vipande vidogo. Ili upate 0.4 ungelazimika kuigawa sehemu kumi na mbili na nusu, na chenyewe ni kidogo kama punje ya mtama. Haikatiki.

Kwa anayetafuta mimba ambaye hana ugonjwa wowote, chaguo langu ni FEFO, moja kwa siku. Foliki yake ni ya kiasi sahihi, na chuma chake hakipotei bure: Shirika la Afya Duniani lenyewe linashauri wanawake wanaoona hedhi wapewe chuma cha miligramu 30 hadi 60 kwa siku, miezi mitatu mfululizo kwa mwaka, kwenye nchi ambako asilimia 40 au zaidi ya wanawake wana upungufu wa damu. Tanzania imo humo. Utaingia kwenye mimba ukiwa na akiba ya damu. Ila soma kopo au mwombe muuzaji akusomee. Zipo FEFO zenye foliki ya miligramu 0.25 na zipo za 0.4. Kwa maandalizi ya mimba tafuta ya 0.4. Ya 0.25 ni afadhali kuliko kukaa bila kitu, lakini kama duka la pili lina ya 0.4, vuka barabara.

Wanaostahili ile ya 5

Wapo, na kwao FEFO peke yake haitoshi. Wa kwanza ni mwanamke aliyewahi kuzaa mtoto, au kupoteza mimba, yenye mgongo wazi au kichwa kisichokamilika. Pia ikiwa yeye mwenyewe au baba wa mtoto alizaliwa na tatizo hilo. Huyu anahitaji miligramu 5 kila siku kabla ya kushika mimba hadi wiki ya 12, kisha ashuke kwenye 0.4. Kwa bahati nzuri ratiba hiyo haigongani na SP, kwa sababu SP huanza pale dozi kubwa inapoishia. Ila lazima mtu amkumbushe kushuka. Nimekutana na kina mama walioandikiwa 5 mwanzoni, wakaendelea kununua wenyewe hadi leba, kwa kuwa kwenye bahasha palikuwa pameandikwa "1x1" kwa kalamu na basi, bila siku ya kumaliza.

Wa pili ni mwenye selimundu. Damu yake huvunjika haraka na mwili hutengeneza nyingine mfululizo, hivyo foliki hutumika kwa kasi. Mtu mzima mwenye selimundu hupewa miligramu 5 kwa siku kwa muda mrefu. Hapa kuna mtego ambao wengi hawaujui: mgonjwa wa selimundu asijinunulie FEFO kwa kuwa tu "anaishiwa damu". Aliyewahi kuongezewa damu mara nyingi anaweza kuwa na chuma kilichorundikana mwilini, na kumwongezea kingine ni kumdhuru ini na moyo. Kwake foliki tupu ndiyo sahihi, FEFO asubiri mpaka apimwe. Akishika mimba, suala la SP na foliki ya 5 liamuliwe na daktari wa hospitali ya mkoa, Maweni au Kitete, au ya wilaya, na yeye asiache foliki kwa uamuzi wake.

Wa tatu ni anayetumia dawa za kifafa: fenobabitoni, fenitoini, kabamazepini, valproeti. Baadhi ya dawa hizi hupunguza foliki mwilini, na valproeti yenyewe huongeza sana hatari ya mgongo wazi. Huyu aende kwa daktari kabla hajaacha uzazi wa mpango, kwa sababu huenda dawa ikabidi ibadilishwe. Kuacha dawa ya kifafa ghafla ni hatari. Kujiongezea foliki nyingi kimyakimya nako kunaweza kushusha nguvu ya fenitoini na degedege likarudi. Mwenye kisukari pia aulize mapema. Kliniki nyingi humpandishia dozi.

Kuna na kundi ambalo watu hulisahau. Mama anayeishi na VVU na anatumia septrini hapewi SP, maana septrini na SP ni za ukoo mmoja. Yeye aendelee na dawa zake za ARV na septrini kama alivyoelekezwa, pamoja na FEFO ya kawaida. Asijiongezee ya 5.

Kwa asiye kwenye makundi haya, mtu mzima hashauriwi kuvuka miligramu 1 ya foliki asidi kwa siku bila sababu ya kitabibu. Foliki nyingi inaweza kuficha upungufu wa vitamini B12: damu inaonekana imerekebika huku mishipa ya fahamu inaendelea kuharibika, ganzi ikipanda taratibu miguuni. Mla dagaa na migebuka wa Kigoma hana shida sana ya B12, maana samaki, nyama, mayai na maziwa ndivyo vyenye nayo. Mzee asiyekula nyama, au mgonjwa wa kisukari aliyetumia metfomini miaka mingi, ndiye wa kuangaliwa.

"Damu imepungua" ni swali lingine

Wateja wengi wa ile ya njano wanaitaka kwa ajili ya damu. Mkweli aseme: upungufu wa damu huku kwetu mara nyingi unatokana na uhaba wa madini ya chuma, malaria, minyoo ya safura, hedhi nyingi au uzazi wa karibu karibu. Foliki tupu haigusi chochote kati ya hivyo. Utameza mwezi mzima na kipimo kitasoma vile vile. FEFO hugusa kimoja. Kama macho yamekuwa meupe, moyo unakwenda mbio ukipanda kilima na unapumua kwa shida, kapime damu, malaria na choo. Ukikutwa na upungufu mkubwa dozi ya chuma huongezwa, na hilo si la kuamua kaunta.

Na kwa wale wanaouziwa foliki kama "vidonge vya kushika mimba": foliki haizibui mirija, haileti yai, haileti mapacha. Kama mwaka umepita mnatafuta bila mafanikio, nendeni wote wawili, mume na mke.

FEFO ina kero zake

Ikiwa FEFO ni nzuri hivyo, mbona makopo yanalala kabatini? Kwa sababu inakera. Inaleta kichefuchefu, kiungulia, choo kigumu, na choo kinakuwa cheusi. Huo weusi ni wa chuma ambacho hakikufyonzwa, hauna madhara, lakini mama ambaye hakuambiwa hushtuka na kuacha siku ya tatu. Foliki tupu haina kero hizi, ndiyo maana watu wanaipenda.

Kinachosaidia ni kuhamisha muda. Meza usiku baada ya kula, karibu na kulala, hasa miezi mitatu ya kwanza. Tumbo tupu hufyonza chuma vizuri zaidi, lakini kidonge kilichomezwa na chakula kinamshinda kile kilichotapikwa au kilichobaki kwenye kopo. Chai ndiyo adui mkubwa. Kidonge kikipitishwa na chai ya rangi au ya maziwa saa moja asubuhi, chuma kingi kinazuiwa. Weka saa moja au mbili kati yao. Maziwa na dawa za vidonda vya tumbo pia zikae mbali nacho. Embe, chungwa, limau au juisi ya rozela husaidia chuma kuingia, na Tabora msimu wa maembe huna kisingizio. Wale wa udongo wa kula, najua hamu ya mimba haina dawa, lakini udongo hushika chuma tumboni kabla mwili haujakipata. Ukishindwa kabisa kuuacha, usiwe karibu na saa ya kidonge.

Ukisahau siku moja, endelea kesho na kimoja. Usimeze viwili kufidia. Baada ya kujifungua endelea wiki 6 hadi 12, maana damu ya uzazi huondoka na akiba kubwa.

Familia za tumbaku za Urambo, Kaliua na Sikonge zina shida yao: msimu ukianza mnahamia kambini, mbali na zahanati. Mwambie muuguzi mapema akupe za kutosha hadi hudhurio lijalo na akuandikie kwenye kadi. Vivyo hivyo kwa vijiji vya mwambao wa ziwa, Buhingu na Kalya, ambako safari ya boti hutegemea upepo.

MMS na maboksi

MMS sina maneno mengi juu yake. Ina vitamini na madini 15, foliki miligramu 0.4 na chuma miligramu 30, na mwaka 2021 iliingizwa kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Ikiwa kituo chako kinaitoa, chukua. Chuma chake kidogo kinasumbua tumbo kidogo pia. Inachukua nafasi ya FEFO, haiongezwi juu yake. Aliyepimwa na kukutwa na upungufu wa damu atahitaji chuma zaidi ya hicho, na kliniki ndiyo itakayopanga.

Vitamini za boksi ni nzuri kwa mwenye uwezo, lakini sioni mama wa kipato cha kawaida akipata humo kitu ambacho FEFO na sahani nzuri ya maharage na dagaa havimpi. Mara nyingi chuma chake ni kidogo kuliko cha FEFO. Hasara yake kubwa ni ya mfukoni: mwezi wa kwanza boksi linanunuliwa, wa pili linanunuliwa kwa kuvutana na baba watoto, wa tatu hakuna kitu. Dawa ya bure unayomeza miezi yote ni bora kuliko ya gharama uliyomeza wiki nne. Ukinunua, angalia usirundike: boksi pamoja na mafuta ya ini la samaki huweza kukupa vitamini A nyingi kupita kiasi, na vitamini A ya namna hiyo ikizidi mwanzoni mwa mimba inaweza kumdhuru mtoto. Kwa sababu hiyo hiyo maini yasiwe mboga ya kila siku miezi ya kwanza.

Siku hizi wauzaji wa mitandaoni wamekuja na "methilifoleti", wakisema foliki ya kawaida haifai kwa watu wenye vinasaba fulani. Ni ghali mara nyingi zaidi. Foliki asidi ya kawaida ndiyo iliyopimwa na kuonekana inazuia mgongo wazi, na hata hao wenye vinasaba hivyo mwili wao huitumia. Hifadhi pesa yako.

Na chakula, je?

Bibi zetu hawakumeza FEFO, nasikia hili kila wiki. Kigoma ina maharage ya Kasulu na Kibondo, sombe la mawese, matembele. Tabora ina karanga, kunde, mlenda. Vyote vina foliki, na kula kila siku. Lakini hesabu haifiki. Mjamzito anahitaji mikrogramu 600 hivi za foliki ya chakula kwa siku, na nusu kikombe cha kunde zilizopikwa kina karibu 100. Mchicha ukichemshwa na maji kumwagwa, foliki nyingi imekwenda na maji. Mboga iliyoanikwa juani imepoteza nyingine. Pika kwa muda mfupi, maji machache, na mchuzi uliwe.

Tangu 2011 kanuni zinataka unga wa ngano na wa mahindi wa viwandani uongezwe virutubishi, foliki ikiwemo. Chapati ya unga wa pakiti inakupa kidogo. Mahindi uliyopeleka mashineni mwenyewe hayana nyongeza, na ugali wa muhogo hauna kabisa. Chakula kiwe pamoja na kidonge.

Unaponunua na unapohifadhi

Mwombe muuzaji akuonyeshe kopo, usome jina, miligramu na tarehe ya kuisha muda, kisha aandike hivyo vitatu kwenye bahasha yako. Sio kumsumbua, ni haki yako. Bahasha isiyo na jina usiinunue, kwa sababu vidonge vya njano vipo vya aina nyingi. Vilivyobadilika rangi, vilivyonyonya unyevu au kushikana, vitupe chooni. Foliki huharibika kwa mwanga na joto, kwa hiyo dirishani na juu ya kabati linalogusa bati si mahali pake. Kopo lenye kifuniko, kwenye kona yenye kivuli, linatosha.

Na liwe juu, mbali na watoto. FEFO nyingi hupakwa rangi na sukari, mtoto huona ni pipi. Mtoto wa mwaka mmoja mwenye kilo 10 akila vidonge kumi amekula chuma miligramu 600, yaani miligramu 60 kwa kila kilo, kiasi kinachoweza kuua. Foliki tupu haina hatari hiyo, FEFO inayo. Ukikuta kopo limemwagika na huna uhakika amemeza ngapi, usimpe maziwa ukasubiri. Hutapika, kisha anaweza kutulia saa kadhaa akacheza kama mzima, na hapo ndipo wazazi wengi hugeuza njiani na kurudi nyumbani. Mpeleke hospitali moja kwa moja hata akiwa anacheka, na uchukue kopo na vidonge vilivyobaki ili daktari ahesabu.